Chozi wa Baba Kwenye Mshubiri

Alby, Stockholm
Jumapili

Kaka Humphrey, shikamoo.

Theluji imeanza kuyeyuka, na Bruce wangu ameota meno mawili ya mbele.

Unakumbuka Baba alivyojiunga na lile kundi la mtandaoni la wapenzi wa ndege wavumaji wa Amerika, akidhani ndio hawa chozi wetu? Walimsahihisha, akakataa kutoka, mwishowe wakamzoea. Kila asubuhi aliwaandikia: “Chozi wamekuja kwenye mshubiri. Wawili.” Nami nilisoma nikiwa kwenye treni, nikajua ameamka salama.

Tangu tumzike, hapana, mlimzika ninyi, mimi kibali changu cha kusafiri kilikuwa hakijatoka, hupokei simu zangu. Lakini habari za chozi zinaendelea kila asubuhi kwa jina la Baba. Wenzake hawajui kwamba amefariki. Mimi najua simu yake unayo wewe.

Jana uliandika, “Nimeona watatu.” Baba hakuwahi kusema nimeona. Alisema wamekuja.

Sikulaumu, Kaka. Ila kesho waambie kwamba Baba hayupo tena, kisha endelea kuandika, kwa jina lako. Nitasoma nikiwa kwenye treni, nijue nawe umeamka salama.

Mdogo wako,
Vumilia