Ukurasa wa Pili wa Barua Kuhusu Ulezi wa Bi Stefania

...na hapo ndipo karatasi ya kikao kilichopita ilipoishia, Bi Stefania akiwa bado amesimama, anasema ulezi wake haung'olewi na mtu. Tunaendelea kutoka hapo hapo.

KAMATI YA MBEGU, KIKUNDI CHA WAKULIMA, MWIMBI

Tarehe: Jumapili, 13 Machi 1994, baada ya Misa
Mahali: Darasa la tatu, shule ya msingi
Waliohudhuria: Mzee Ignasi (Mwenyekiti), Bi Stefania, Bi Cornelia, Bi Redempta Nyanda (Katibu, jina hili la pili lina siku ishirini na tisa tu, na linapendeza sana likiandikwa)
Asiyehudhuria: Bw. Leonsi (ng'ombe wake wameingia kwenye mahindi ya jirani)
Mwalikwa: Bw. Enock Nyanda, bwana shamba, mume wa Katibu

KUMB. NA. 1/3/94: KUFUNGUA
Mwenyekiti alifungua kikao saa 5:10 kwa sala. Alikumbusha uamuzi uliopita: shamba lenye kuvu ling'olewe na kuchomwa, ugonjwa wa mabaka usienee. Barua ya bwana shamba ilisema kuvu imeonekana ndani ya majani ya Bi Stefania. Kwa hiyo ulezi wake ungeng'olewa Jumanne.

KUMB. NA. 2/3/94: PINGAMIZI
Bi Stefania alieleza kwamba mbegu hiyo aliachiwa na mama yake, na hakuna mwingine aliyebaki nayo tangu watu waanze kununua mbegu na dawa kwa wafanyabiashara. Alihoji kwa nini achomewe yeye mwenye majani mabichi, wakati ulezi wa Mwenyekiti, ambao mbegu yake ilioshwa kwa dawa ya dukani, "una madoa kama chui". Mwenyekiti aliomba neno chui lifutwe. Halikufutwa.

KUMB. NA. 3/3/94: UKURASA ULIOPOTEA
Bwana shamba aliuliza kama ukurasa wa pili ulisomwa. Mwenyekiti alisema barua ilikuwa na ukurasa mmoja. Katibu alikiri kwamba barua ilipitia mikononi mwake, na ukurasa wa pili anao yeye, chini ya mto, kwa sababu mistari minne ya mwisho ilimhusu yeye peke yake, na kwa furaha hakusoma yaliyoandikwa juu yake. Bi Cornelia alisema, "Mapenzi yenu yangetulaza njaa, mwanangu." Katibu aliomba radhi kwa moyo wote, akakimbia nyumbani, akarudi nao.

KUMB. NA. 4/3/94: KUSOMA UKURASA WA PILI
Ilisomwa kwamba kuvu iliyoonekana si ya mabaka. Hukaa ndani ya jani bila kuliumiza. Hula sukari kidogo ya jani, nayo hukalia nafasi ambayo ugonjwa ungeingilia, huukera kwa sumu yake, na kulizoesha jani kujihami mapema. Nyingine husafiri ndani ya mbegu. Dawa ya kuoshea mbegu huenda iliua walinzi hao. Bwana shamba alisisitiza "huenda": si kila kuvu ni njema, na lazima ijaribiwe msimu mzima.

Mwenyekiti alisema, "Kwenu ni watu wa ng'ombe. Majani mnayajua yakishatafunwa."

Bwana shamba alijibu, "Kweli, Mzee. Ndiyo maana nikaja kuoa kwa wanaoyajua yakiwa shambani." Katibu aliona jibu hilo ni zuri mno.

Wajumbe walidai mistari minne isomwe pia. Kura zilipigwa, Katibu akashindwa. Unaingizwa hapa mmoja tu: "Nawe umeingia ndani yangu kimya kimya, na tangu hapo siugui." Bi Cornelia alipiga kigelegele. Mwenyekiti alikumbusha kwamba ni Kwaresima.

KUMB. NA. 5/3/94: UAMUZI
Amri ya kung'oa ilifutwa. Mwenyekiti aliomba, kwa sauti ya chini, atengewe mbegu ya Bi Stefania wakati wa mavuno. Bi Stefania alijibu kwamba desturi inajulikana: anayetaka mbegu ya mtu humpalilia kwanza, mwenyewe, bila kutuma mtu. Mwenyekiti alitaja mgongo wake. Bi Stefania alisema mgongo uliokuwa mzima wa kung'oa Jumanne utaweza kupalilia. Alitaka ahadi iandikwe chini ya sahihi, "na karatasi hiyo nikae nayo mimi, isije ikalala chini ya mto wa mtu."

Wajumbe walitawanyika saa 7:25 mchana.

Katibu: Redempta Nyanda (Bi.)

Mwenyekiti: Ignasi. Nitafika kwa Bi Stefania kabla ya mwezi huu kwisha, na jembe langu.