Bata Ndani ya Tipoyi

Jumatatu, 3 Oktoba 1994

Mama mkwe amefika. Jana jioni, juu ya lori la mahindi kutoka Kapolowe, na sufuria zake, mkeka, sanduku lililofungwa kamba. Shemeji Joachim aliyekuwa akimtunza amevuka kwenda Zambia kutafuta maisha. Bibi wa watu aende wapi? Kwetu. Sikatai. Ningekataa ningekuwa mtu gani?

Lakini chumba! Carine, mke wangu, amempa chumba cha nyuma, chenye dirisha. Chumba changu cha kuchorea! Na humo kimo kisanduku changu cha rangi za maji, brashi, kalamu, wino wa China, na karatasi nzito nilizopewa siku walipofunga ofisi yetu ya michoro kiwandani. Vyote vimo, nami siingii. Mkwe haingii anapolala mama mkwe wake. Hamshiki mkono, hali naye, hamtazami usoni. Mjini hapa wengi wameshayaacha haya mambo ya buko, yaani mkwe na miiko yake. Ukoo wa Carine? Thubutu!

Na iwe wiki hii hasa! Jana baada ya misa Mompere Benoît, padri wetu, aliniita kando. Anapeleka picha za watu wa parokia kwenye maonyesho Lubumbashi, kila mtu picha moja. Gari linaondoka Jumapili ya tarehe 16. "Floribert, ulete yako moya. Ile ya muzuri kupita zote, hein!"

Miaka yote ninachora vipicha vyangu, ukubwa wa kadi ya posta. Konokono wakivuta treni. Kichuguu chenye madirisha na mapazia. Samaki wenye kofia za mgodini wakitoka zamu. Hakuna hata kimoja kilichowahi kutundikwa ukutani, hata ukutani kwangu. Sasa kimoja kitatundikwa, na watu wasionijua watasimama wakitazame. Nakitaka kitu hicho mpaka najionea aibu.

Jumatano, 5 Oktoba

Siku mbili zimepotea bure. Carine anaondoka alfajiri kuuza unga sokoni, anarudi amechoka. Nilimwomba aniletee kisanduku. Akaleta cha sindano na nyuzi! Nikamwomba tena. Akaleta rangi bila brashi. Nikaomba mara ya tatu — akawaka. Minye si boyi wako, anasema, kama unataka brashi ingia ukamate. Anajua kabisa siwezi kuingia.

Na mama mkwe haondoki. Anakaa mlango wa nyuma mchana kutwa, anachambua maharagwe, anasinzia, anachambua tena. Nikitaka kwenda msalani inabidi nizunguke nje ya ua. Nikikaribia popote nakohoa kwanza, ili ageuke au ajifunike kitambaa. Nyumbani kwangu mwenyewe nakohoa kuanzia asubuhi hadi jioni! Kifua kinauma kweli.

Alhamisi, 6 Oktoba

Nimepata vitu vyote! Carine alinionea huruma. Au alichoka kunisikia.

Nimehamia jiko la nje. Giza, masizi, moshi. Nimetoa tofali moja ukutani, upande wa mlango wa nyuma, mwanga ukaingia kidogo juu ya karatasi. Maji ya bomba yametoka ya rangi ya chai, nimeyaacha yatulie. Haidhuru. Nimeanza.

Ni hivi: machura wanne wamebeba tipoyi mabegani, kile kiti walichobebwa wazungu wa zamani. Ndani ya tipoyi amekaa bata mnene, amejifunga kitambaa kichwani. Msafara unapita angani juu ya dohani za kiwanda, dohani hazitoi moshi, ndege wamejenga ndani yake. Nyuma wanakuja panya na mizigo: sufuria, mkeka, sanduku. Sijui wanakwenda wapi. Nimecheka peke yangu jikoni.

Jumamosi, 8 Oktoba

Kijani changu kimekwisha. Nimesaga jiwe la kijani, malakita — hapa Likasi mtu hakosi jiwe la malakita, watoto wanalichezea. Nimelichuja kwa kitambaa, nikachanganya na gundi ya mti. Mara ya kwanza likakwaruza karatasi. Nikasaga tena hadi mkono ukafa ganzi. Sasa machura wamepata ngozi yao! Kijani cha namna hii hakiuzwi dukani.

Lambert jirani akaja kuchungulia. Yeye naye anachora: mamba muntu, yule mwanamke mwenye mkia wa samaki, kwenye gunia la unga, kwa rangi ya mafuta, na nyoka shingoni. Watu wanamtundika sebuleni. Akaishika picha yangu, akaisogeza puani. "Floribert, ndugu yangu. Hii unachorea mende? Mende njo batatundika ku nyumba yabo?" Akacheka hadi akakohoa. Nikamwambia achunge kidole chake, kina mafuta. Kumbe nimeumia. Nimeumia hadi sasa ninapoandika.

Jumatatu, 10 Oktoba

Mvua ya kwanza. Watu wote wanashangilia, mimi natamani kulia!

Bati la jiko linavuja. Nilitoka kidogo tu, kumpisha mama mkwe aliyekuwa anapita uani. Nikangoja nyuma ya ukuta, adabu tupu, na mvua inaninyeshea. Niliporudi, tone liko katikati ya anga. Anga lote limekuwa tope. Chura wa mbele hana kichwa. Buluu yangu ya mwisho ilikuwa pale!

Nilitukana. Kwa sauti. Halafu nikakumbuka nani anasikia upande wa pili, nikaziba mdomo. Hata kutukana kwa raha siwezi! Nimeichana picha. Naanza upya kesho, na sina buluu.

Jumanne, 11 Oktoba

Buluu ya kufulia mashati. Carine ndiye aliyesema, bila hata kugeuka, huku anapima unga. Nimekoroga kidogo na gundi. Inakubali! Anga limekuwa kama la saa kumi na mbili asubuhi. Sikumshukuru inavyopasa, nilikuwa na haraka. Siku tano zimebaki.

Jumatano, 12 Oktoba

Imekwisha.

Sisemi zaidi, nisije nikaiharibu kwa maneno. Ila bata. Uso wa yule bata! Wino ulikwenda wenyewe. Amekaa kwenye tipoyi kama anayechukuliwa bila kuulizwa, na bado hataki mtu ajue kwamba anaogopa kuanguka. Sijawahi kuchora uso hai namna hii. Nimeuangalia hadi ugali ukapoa.

Alhamisi, 13 Oktoba

Balaa.

Carine amerudi mapema, nikamwonyesha. Nilitaka anisifu, basi. Akatabasamu kwa machura. Halafu tabasamu likakatika. Akaweka mkono mdomoni.

"Njo mama! Floribert, njo mama huyu!"

Nikasema apana, si mama yako, ni bata. Bata gani? anasema. Bata iko na miwani ya kufunga na kamba? Bata iko na kovu pa nyushi? Na mdomo wa kuvuta pembeni, vile mama anafanyaka akikasirika? Hata Joachim, mutoto wake wa damu, hawezi kumuchora vile!

Nikaitazama tena. Mungu wangu. Ndiye. Na sanduku lenye kamba ndilo, na mkeka ndio. Juma zima nimemchora mama mkwe na sikujua!

Lakini bata si tatizo. Carine alikaa juu ya kinu, akasema polepole — na hapo ndipo niliposikia baridi. Kumuchora bata, bantu bangecheka tu. "Mais ulijua sura yake je? Unamuangariaka wapi?"

Tundu la tofali. Mwanga unaingia hapo, na mbele ya tundu ni mlango wa nyuma, na mlangoni ni yeye, mchana kutwa. Kila nilipoinua macho kutoka kwenye karatasi... Mimi nakohoa, nazunguka ua, nanyeshewa na mvua kwa heshima, kumbe macho yangu yalikuwa yanakula uso wake kidogo kidogo. Na ushahidi nimeuchora mwenyewe, kwa wino usiofutika!

Tulikubaliana asijue. Nitaifunga karatasi, itakwenda Lubumbashi kimya kimya.

Ijumaa, 14 Oktoba

Anajua. Lambert! Alikuja asubuhi kuomba moto, akaiona picha kabla sijaificha, akatoka nayo hadi katikati ya ua. Akaangalia bata. Akaangalia mlangoni. Akapiga kicheko, huyo mtu hajui kunong'ona: "Eh! Floribert! Umetia buko yako mu tipoyi!"

Mama mkwe aliweka ungo wa maharagwe chini. Aliinuka, akaingia ndani, na kwa muda mrefu nilisikia sanduku likifungwa kamba.

Carine analia. Anasema mama akitoka hapa na aibu namna hii, wajomba watakuja, na yeye hatabaki kwangu kama vile hakuna kilichotokea. Atamsindikiza Kapolowe. Kwa muda gani? "Choma," akaniambia. "Choma ile karatasi mbele yake, ajue umejua kosa. Kakaratasi kadogo tu, Floribert!"

Kadogo tu! Hata yeye.

Nikasema nina njia nyingine. Ofisini tulikuwa tunakwangua makosa kwa wembe, mstari ukatoka usijue ulikuwapo. Nitakwangua uso, niweke uso wa bata wa kawaida. Picha itakwenda, heshima itabaki. Akakubali.

Nimeketi na wembe tangu mchana. Nimekwangua kamba ya miwani, kidogo, ncha tu. Mkono umegoma! Nikiondoa uso huu, kitakachotundikwa Lubumbashi ni machura waliobeba kitu kilichokufa. Nisipouondoa, mke wangu anapanda lori. Nina hasira na Lambert, na tofali, na mababu wote waliotunga sheria hizi bila kufikiria mtu anayechora. Na nina hasira na nafsi yangu. Nimeurudisha wembe kwenye kopo lake.

Jumamosi, 15 Oktoba

Hajaondoka, hakuna lori lililokwenda upande wa Kapolowe. Mungu anisamehe, nimefurahia lori kuharibika.

Nimenunua kuku mweupe, ndivyo faini inavyotakiwa. Carine alimpeleka, akapiga magoti mlangoni badala yangu. Mimi nyuma ya ukuta wa jiko nimeinamisha kichwa, ingawa hakuna anayeniona. Nikasikia sauti ya mama mkwe. Sijawahi kuisikia ikisema maneno mengi kwa mara moja.

Carine akarudi. Kuku amepokewa. Lakini mama hajasema yamekwisha. Bantu bote ba lupango, ba hapa uani, bameona ile kintu, mama amesema, hata Lambert ameiona, minye njo sijaiona. Alete.

"Ataichana," nikasema.

"Pengine."

"Carine, gari ni kesho."

"Minye najua ni kesho!" Akanyoosha mkono. Akangoja. Sijui kwa nini nilimpa. Labda kwa sababu mkono wake ulikuwa umejaa unga na aliufuta kwanza kwenye kikwembe, kitenge chake, vizuri, pande zote mbili, kabla ya kuigusa.

Haijarudi jioni hii. Mlango umefungwa. Sisikii karatasi ikichanika, lakini karatasi ndogo namna ile ingepiga kelele gani?

Jumapili, 16 Oktoba

Naandika nimesimama jikoni, haraka. Sikwenda misa.

Gari la Mompere limefika. Liko barabarani, nyuma limejaa picha zilizofungwa mablanketi, ile ya Lambert iko juu kabisa, mkia wa mamba muntu umechomoza. Carine amekwenda kumshikilia Mompere kwa maneno. Namsikia anamuuliza habari za Kapolowe, za Mulungwishi, za mahindi, habari za watu ambao hata hatuwajui. Carine huyuhuyu aliyesema nichome!

Na mama mkwe ametoka. Amekaa mahali pake mlangoni, sanduku lake liko kando, kamba imefungwa. Nimekohoa ili ageuke. Hakugeuka. Nimekohoa tena. Hakujifunika kitambaa pia.

Nipo kwenye tundu la tofali. Sipandishi macho. Naona miguu yake, kikwembe, magoti, na juu ya magoti picha — nzima! Haijachanika. Ameishika kwa ncha za vidole, pembeni, ili asiguse wino. Nani alimfundisha kushika hivyo?

Mompere anapiga honi.

Picha inatikisika. Magoti yanatikisika, kikwembe kinatikisika, na hakuna sauti. Anacheka? Analia? Carine ameacha kuongea huko barabarani. Honi tena. Jibu lote liko usoni mwake, na mimi natazama magoti.