Siku Baba Alipocheka Mbele ya Runinga

Mjukuu wangu Nafula,

Sisi huku Navakholo tuko salama. Mahindi yanakaribia kuvunwa, na shangazi yako amejifungua msichana.

Umeniuliza vile vichekesho vya zamani vya runinga vilikuwa na utamu gani, maana umevitazama kwenye simu na hukucheka. Acha nikusimulie kisa kimoja.

Mama yangu alipofariki, baba aliacha kuzungumza. Alikuwa akilima, akila na kulala. Jumapili moja nilimshawishi twende kwa jirani yetu mwalimu, aliyekuwa na runinga ya betri. Mchekeshaji akaigiza mwanamume aliyefiwa na mke, anajaribu kusonga ugali. Unga ulimgandia mpaka kwenye nyusi. Sebule nzima ilicheka, nami nikajuta kumleta baba, kwa kuwa yule alikuwa ni yeye kabisa.

Baba akacheka. Alicheka mpaka machozi yakamtoka, na kicheko kilipokwisha machozi yakaendelea. Sikujua nicheke naye au nimbembeleze.

Tukiwa njiani akasema, "Yule bwana anatia unga kabla maji hayajachemka. Mama yako angemfukuza jikoni."

Hakuwa amemtaja mama tangu mazishi. Tulimzungumzia mpaka tukafika nyumbani.

Hadi leo sielewi upuuzi ule ulimfunguaje kinywa, na wachungaji wa kanisa waliokuja kumfariji walikuwa wameshindwa. Wewe uliyesoma, ukielewa unieleze.

Ni mimi kukhu wako,
Rosa