Nani Aishi Chini ya Tangi Letu

Kwako uliyekuwa mpenzi wangu,

Nakuandikia hadharani kwa sababu faraghani hunijibu, na kwa sababu swali linaloninyima usingizi ni letu sote: nani anastahili kuishi chini ya tangi letu la samaki, kule ndani matopeni?

Unalikumbuka. Kioo kidogo juu ya meza yangu ya bweni hapa Dar, na ndani yake kiapo chetu: hakiingii kitu ambacho Rufiji haikukizaa. Udongo mweusi wa kijijini kwetu Maparoni, yungiyungi, na wale visamaki wekundu tuliowachota dimbwini, kando ya mpunga wa mama. Huzaliwa na mvua, hufa dimbwi likikauka, na huacha mayai matopeni yakingoja mvua nyingine. Likizo ile tulikuwa juu ya dungu, kile kichanja cha shambani, tukiamia ndege wasile mpunga. Wewe, binti wa muuguzi wa hospitali ya Mchukwi, mtu wa bara, ulikuwa hujawahi hata kushika teo, kombeo la kurushia madonge. Nikasimama nikawahutubia: "Ndugu ndege, unyonyaji sasa basi!" Ukacheka hadi dungu likayumba.

"Kamanda, hao hawana chama. Tupa donge!"

Dimbwi lile halipo tena. Limefukiwa kwa kifusi cha barabara. Nilipinga, nikapaza sauti, nikaswagwa kama mbuzi aliyeingia shambani. Waliomo kiooni ndio wa mwisho wa dimbwi lao. Nawe ukawafuata wazazi wako waliohamia Njombe, ukiniachia sentensi moja: "Wewe hujui kukiacha kitu kikatulia."

Ningetuliaje? Chini ya tangi palikuwa patupu, na mimi kila patupu hupaona ni dhuluma. Muuza samaki wa mapambo akanishika bega: "Chukua huyu, kaka, katoka Amerika huko, anafagia chini balaa." Nikamwuliza kama wazawa wamekwisha. Mtoto wa kambale nikamkataa: leo ni kidole, kesho ni mkono, keshokutwa amewameza wenyeji wote. Nikamteua ngogo mdogo, mwenye sharubu na upole, mzaliwa halali wa mto wetu. Nikajipongeza kama aliyeshinda uchaguzi.

Jioni ile ile dume na jike wa wale wekundu walibanana ubavu kwa ubavu, wakashuka, wakatetemeka juu ya matope. Yai. Hawajainuka vizuri, ngogo akafika na sharubu zake, akafukua. Wao hakuwagusa. Alikula kesho yao. Nikapiga kelele bweni zima likashtuka, maana nilikuwa tena juu ya dungu, na safari hii ndege nilimwalika mwenyewe.

Ngogo nimemrudisha mtoni, ndoo mapajani kutoka Dar hadi Rufiji. Chini sasa haishi mtu, na huo ndio uteuzi wangu. Usidhani umeshinda ubishi: dhuluma ya kifusi nitaipinga hadi sauti ikauke. Lakini matope haya yana kazi yake. Hao wekundu unaowajua watakufa karibuni. Nitayatoa matope, niyaache yakauke kama dimbwini, niyafunge mfukoni, nisiyafukue hata kwa kidole kuhakikisha kama kuna uhai, mpaka mvua zirudi.

Unajua ninavyoteseka.

Sikuombi urudi. Kaa salama huko kwenye baridi. Mimi niko juu ya dungu, naamia, na kwa mara ya kwanza sihutubii.

Aliyekuwa mpenzi wako,
Kamanda