Tanga Ulilolishona, Sesilia

Mke wangu Sesilia,

Ninakuandikia kutoka Sumbawanga, nyumbani kwa mdogo wangu Kasimiri. Nilipanda huku kwa lori la dagaa baada ya mashindano ya mashua, kwa sababu sikuweza kuendelea kulala Kirando nikiisikia mashua ikigonga gogo ililofungiwa. Baridi ya huku unaijua. Shemeji yako huniwekea makaa chumbani wala haniulizi kitu. Najua kwamba wafu hawasomi barua. Hata hivyo ninaandika, maana hakuna mtu mwingine anayestahili kuelezwa jambo hili kwa utaratibu.

Tulishindwa. Nalisema mwanzoni ili usisubiri.

Unakumbuka mkutano ule kijiji kilipoletewa mashua mpya. Wanaume waliitaka kwa uvuvi. Ninyi akina mama mliitaka kwa kupeleka dagaa wenu Kabwe, msiendelee kuwabembeleza wenye vyombo. Mwenyekiti akasema huku akicheka, "Haya, siku ya mashindano mwanamke akishika usukani akawashinda wanaume, mashua ni yenu." Alidhani anafanya mzaha. Wewe ukasimama na kanga yako kiunoni: "Ndugu Mwenyekiti, mkutano mzima umesikia."

Basi tukaanza kuitengeneza mashua kuukuu ya marehemu baba yako. Kila chombo kilitakiwa kuwa na watu wawili, nawe ukanichagua mimi, mtu wa uwandani, niliyekulia kwenye matuta ya ulezi, nisiyejua kuogelea. Duka la ushirika halikuwa na kitambaa cha tanga. Ulifungua sanduku lako ukatoa vitenge vyote, hata kile ulichovaa siku ya ndoa yetu, ukavishona viwili viwili kwa mkono. Mimi nilipaka uzi nta. Nilikuambia kwamba mwanamke hawezi kubaki na nguo mbili tu. Ukanijibu, "Mwalimu, tukishinda nitavaa mashua."

Kila alasiri ulinipeleka majini. Ulishika usukani, nami nilishika kamba na kuhama upande kila uliponiamuru. Niliwahi kukuuliza upepo wa kusini huanza saa ngapi hasa. Ulicheka hadi ukaacha usukani. "Upepo haupigiwi kengele, Mwalimu!" Wavuvi nao walitupigia kelele kutoka ufukweni: "Mwalimu, shuka! Jiwe lingefaa zaidi!" Ukawajibu, "Jiwe haliwezi kunipikia uji nikirudi." Sijawahi kupika uji maishani mwangu, lakini siku ile nilijisikia kama mtu anayeweza.

Kisha homa ikakuchukua. Sitaandika kuhusu siku hizo.

Baada ya mazishi alinijia Mama Fausta, jirani yetu, yule uliyemfundisha usukani wakati mimi niko shambani. Alisema, "Shikamoo, Mwalimu. Mashua ipo, tanga lipo. Ukikubali kukaa pale ulipokuwa ukikaa, mimi nitakaa pale alipokuwa akikaa mwenzako." Nilikubali. Nataka ulijue hilo. Kwa muda mfupi nilikuwa na sababu ya kuamka.

Siku ya kumaliza msiba wakateremka ndugu zako kutoka Kate, wakiongozwa na shangazi yako Klementina. Desturi unaijua kuliko mimi: nguo za marehemu hugawiwa wanawake wa ukoo, na mume aliyefiwa huketi mkekani akanyamaza, msemaji wake ndiye huongea. Wakafungua sanduku, wakalikuta tupu. Shangazi akauliza nguo ziko wapi. Mtu akamwonyesha tanga.

Nilimtuma msemaji wangu aombe liachwe hadi mashindano yapite. Kupitia kwake nilieleza sababu kwa ukamilifu, na akina mama wa Kirando walipiga magoti mbele ya shangazi. Shangazi hakuwa na hasira. Alilia alipokuwa akijibu. "Mkwe wangu, mtoto wetu atalalaje huku nguo zake zinapigwa na upepo ziwani kama za mtu aliyetupwa?" Hata Mama Fausta alitazama chini.

Walilifumua kwa wembe. Nta iliushika uzi vibaya, ikawachukua mchana kutwa, na shangazi akanung'unika, "Mtoto huyu alishona kama anayefunga mlango." Kila mmoja alipewa kipande chake, akajifunga, akapanda lori. Nilikiona kitenge chako cha ndoa kimevaliwa na binti mmoja nisiyemjua jina. Kilimpendeza. Sesilia, kilimpendeza, na hilo ndilo lililonivunja.

Akina mama hawakukata tamaa. Walishona tanga la magunia. Siku ya mashindano tulitoka pamoja na wengine, Mama Fausta akiongoza vizuri sana, nami nikihama kila aliponiambia. Lakini magunia hayashiki upepo. Tuliusikia ukipita katikati ya nyuzi, tukakwama pale pale, na wenzetu wakazunguka kisiwa cha kugeukia wakarudi. Mwishowe kijana wa mashua iliyoshinda alitutupia kamba, akatuvuta. Hakutucheka. Ufukweni ndiko walikocheka, na Mwenyekiti akasema, "Akina mama, mmeona wenyewe." Mama Fausta alifunga kamba, akaniaga kwa heshima, akaenda kuanika dagaa.

Watu hunifariji kwa kusema kwamba muda utaniponya. Nimekaa huku nikiutazama muda huo, sioni unachofanya. Asubuhi mimi huvaa miwani. Jioni huivua. Kasimiri amenipa shamba dogo la ulezi nibaki kwake, nami sina sababu nzuri ya kukataa.

Ila Jumapili, baada ya misa, mkutano wa kijiji utaketi Kirando kuwakabidhi wanaume mashua mpya. Kasimiri anasema nisijisumbue, kura zinajulikana. Anasema kweli. Nimezihesabu kichwani, na hata wakwe zangu wanaoishi Kirando watanyoosha mikono upande ule.

Nakuahidi nitateremka. Nitamwamkia kila anayestahili kuamkiwa, nitanyoosha mkono, na nikipewa nafasi nitasimama na kusema kwamba aliyeshindwa siku ile hakuwa mwanamke, lilikuwa gunia. Nitalisema kwa sauti ya kusikika hadi nyuma. Kisha watapiga kura, tutashindwa tena, nami nitaketi karibu na Mama Fausta ili asishindwe peke yake.

Lala, mke wangu. Nguo zako ziko kwa watu wako. Hakuna upepo unaozigusa.

Mumeo,
Mwalimu