Bata Aliyepinda Shingo

Mjukuu wangu Zuhura,

Salamu nyingi kutoka Koboko. Sisi wazima, ila mjomba wako amerudi kutoka Arua na mafua, anataka kubembelezwa kama mtoto.

Sasa wewe! Ulisema unafuma vitambaa huko Kampala ili kichwa kipumzike na masomo. Leo unaniuliza ufanye nini, maana kila kitambaa kikipinda unakifumua, na usingizi huna. Yaani umegeuza mapumziko kuwa mtihani? Lahaula!

Babu yako alipokuwa jeshini na habari zake hazifiki, nilidarizi bata kwenye kitambaa. Shingo ikapinda, nikafumua. Ikapinda tena, nikafumua huku nalia. Mama mkwe akaninyang'anya, akafunikia mtungi wa maji.

"Mama, hakijaisha!"

"Maji iko na macho ya kuona bata yako? Anza ingine."

Nilicheka, mara ya kwanza tangu babu yako aondoke. Nikaanza kingine, nacho kikapinda. Aliporudi, alikuta nyumba nzima imejaa bata waliopinda shingo, na mke mzima.

Basi usikifumue hicho. Nitumie kilivyo. Mtungi wangu uko wazi.

Bibi yako