Dundu Mweusi na Dundu wa Mistari

Mdogo wangu Luhende,

Salamu kwanza. Mnaendeleaje huko Nzega, na mguu wa shemeji umepona? Mimi mzima, isipokuwa mkono, nitakueleza. Simu yako nimepiga tangu jana haipatikani, ndiyo maana barua hii nampa dereva wa lori anayekuja huko kesho. Ukiisoma, ng'ombe wasile kitu kwanza.

Unajua hapa Mafiga hakuna wa kunishinda kukata majani. Nayafuata nyikani upande wa Kingolwira, nachagua penye dundu wengi, kama baba alivyotufundisha, kwamba penye dundu ndipo penye majani mazuri. Basi juzi Mama Zuhura, ninayemkatia majani, ng'ombe wake mwenye mimba ya miezi saba akagoma kula. Mdomo vidonda, mkojo una damu. Bwana mifugo akapekua hori, akatoa dundu waliokauka.

"Mzee, hawa ndio sumu."

"Kijana, mimi nimechunga ng'ombe baba yako hajazaliwa. Dundu ni dundu!"

Mama Zuhura akadakia, "Mtani, kwenu ng'ombe wengi, macho mlimwachia nani?"

Nikaudhika. Nikaenda nyikani nikaleta wawili hai. Mmoja yule wetu mweusi, mnene, mgongo mgumu, anayeviringisha mavi. Mwingine mwembamba, mlaini, ana mistari ya rangi ya chungwa, anashinda kwenye maua anayala. Nikawabana mkononi mbele yao, mweusi juu, wa mistari chini. "Mnaona? Hakuna kitu!" Nikaondoka kwa madaha.

Asubuhi pale pa mweusi hata alama hakuna. Pa yule wa mistari, lengelenge kama yai la njiwa.

Nikavaa shati la mikono mirefu. Lakini nilipofika bandani nikamkuta Mama Zuhura, kwa kuniamini, anabeba majani yangu yaleyale akawape mbuzi. Nikakunja shati, nikamwonyesha. Hakucheka, Luhende. Afadhali angecheka.

Tumeyachoma yote. Ng'ombe leo kanywa maji, kula bado. Ndama hatujui.

Sasa yale majani niliyokukatia nilipokuja kuwaona, nayo niliyachagua hivyohivyo. Yatandaze juani uyapekue. Mweusi asikutishe. Ukiona wa mistari, hata mmoja mkavu, choma yote, na usimshike kwa mkono mtupu.

Nisalimie shemeji na watoto, na mkwe wako fundi baiskeli. Wakiuliza kwa nini unachoma majani mazuri, waambie Masanja alikosea. Nimeandika mwenyewe, hakuna aliyenishikia kalamu.

Ni mimi kaka yako,
Masanja